Virusi vya uvimbe vilivyoingia kwenye DNA ya kuku: hesabu anayopaswa kuijua mfanyabiashara wa vifaranga

Biashara ya vifaranga wa siku moja baina ya nchi za Afrika Mashariki imekuwa ikikatishwa mara kwa mara kwa sababu ya magonjwa. Januari 2017 Kenya ilizuia kuku na mayai kutoka Uganda baada ya mafua ya ndege kuthibitishwa nchini humo. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo, vifaranga 6,400 waliotoka Kenya waliteketezwa na mamlaka za Tanzania huko Namanga, kwa maelezo kuwa waliingizwa kinyume cha sheria na kwa hofu ya ugonjwa huo huo.

Mafua ya ndege hujitangaza yenyewe. Kuku hufa kwa wingi, serikali hutoa tamko na mpaka hufungwa. Lakini lipo kundi jingine la magonjwa ambalo halifungi mpaka wala halitangazwi, nalo ni la virusi vinavyosababisha uvimbe kwenye maini, bandama, mishipa ya fahamu na viungo vingine vya kuku. Mawili yanayofahamika zaidi ni leukosi ya ndege na Mareksi.

Hasara yake huja kwa kuchelewa. Mfugaji hupokea vifaranga wachangamfu na kuwalisha kwa miezi minne. Pale wanapotakiwa kuanza kutaga, wengine huanza kukonda, kupauka upanga wa kichwani na kufa mmoja mmoja. Hapo ndipo mabishano huanza: kosa ni la kituo cha kutotolesha, la aliyesafirisha, la muuza chakula au la mfugaji mwenyewe? Kwa sehemu kubwa jibu limo katika uhusiano wa virusi hivi na DNA ya kuku, uhusiano ambao wanasayansi wameuchunguza kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kuku aliyeanzisha hesabu

Mwaka 1908 watafiti wawili wa Denmark, Vilhelm Ellermann na Oluf Bang, walionyesha kuwa saratani ya damu ya kuku inaweza kuambukizwa kwa majimaji yaliyochujwa hadi kubaki bila seli hata moja. Mwaka uliofuata, kuku wa aina ya Plymouth Rock mwenye uvimbe kifuani alipelekwa kwa Peyton Rous, mtafiti wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York. Rous alichukua uvimbe huo na kuupandikiza kwa kuku wengine. Mwanzoni ulikubali kwa kuku wa ukoo ule ule tu, dalili ya mapema kwamba nasaba ya kuku ina sauti katika suala hili.

Mwaka 1911 Rous alitangaza kuwa majimaji ya uvimbe ule, yakishachujwa, bado yaliweza kuleta uvimbe mpya. Kilichopita kwenye chujio kilikuwa kirusi. Wengi hawakumwamini, kwani saratani haikufikiriwa kuwa jambo la kuambukiza. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 87, yaani miaka 55 baada ya taarifa yake.

Kirusi kinavyojiandika kwenye daftari la kuku

Ili kuelewa kilichofuata, ni vyema kukumbuka kuwa DNA ndiyo daftari kuu la kila seli. Humo mna maelekezo yote, yaani jeni, ya kujenga kuku kuanzia kwenye yai. RNA ni nakala ya muda inayotolewa kwenye daftari hilo ili kazi ifanyike, kama karatasi ya agizo inayopelekwa ghalani. Kwa kawaida maandishi hutoka kwenye daftari kwenda kwenye karatasi.

Kirusi cha Rous na ndugu zake wa leukosi wameumbwa kwa RNA. Katika miaka ya 1960 Howard Temin wa Marekani alidai kuwa virusi hivi hugeuza mwelekeo: hunakili RNA yao kuwa DNA, kisha nakala hiyo hushonwa ndani ya daftari la kuku. Mwaka 1970 Temin na mwenzake Satoshi Mizutani, na kwa upande mwingine David Baltimore, walikipata kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya kinyumenyume. Ndiyo maana virusi hivi huitwa retrovirusi. Temin na Baltimore walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1975, pamoja na Renato Dulbecco.

Maana yake kwa mfugaji ni nzito. Kirusi kikishaingia kwenye daftari la seli hakitoki tena. Hakuna dawa ya kukiondoa kwa kuku aliyeambukizwa leukosi, na hadi leo hakuna chanjo ya leukosi inayotumika kibiashara.

Nani alimwibia nani?

Kirusi cha Rous kina jeni moja iitwayo src, ambayo ndiyo husababisha uvimbe kuota haraka. Swali lilikuwa ni wapi kirusi kiliipata. Mwaka 1976 kundi la Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, likiongozwa na Michael Bishop na Harold Varmus, lilitoa jibu ambalo halikutarajiwa. Watafiti hao, akiwemo Dominique Stehelin aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, walikuta jeni inayofanana na src katika DNA ya kuku wazima kabisa. Waliikuta pia kwa kware, bata mzinga, bata na ndege mkubwa wa Australia aitwaye emu. Baadaye ikaonekana hata kwa binadamu.

Kwa hiyo jeni hiyo ilikuwa mali ya kuku tangu awali. Kirusi kiliibeba kilipokuwa kikiingia na kutoka kwenye seli, kisha kikaitumia bila breki ambazo kuku huwa nazo. Bishop na Varmus walipata Nobel mwaka 1989, na utafiti mwingi wa saratani ya binadamu umejengwa juu ya matokeo hayo.

Virusi vya leukosi vya kawaida havina jeni ya kuiba. Vyenyewe hutumia njia ya pili, iliyoelezwa mwaka 1981: hujishona karibu na jeni ya kuku iitwayo myc, inayosimamia ukuaji wa seli, na kuiwasha ifanye kazi kupita kiasi. Kirusi hakichagui mahali pa kujishona. Inachukua muda hadi seli moja ipatwe na bahati mbaya hiyo na kuzaana mpaka iwe uvimbe. Hii ndiyo sababu leukosi huonekana kwa kawaida baada ya wiki 14 na kuendelea, wakati kifaranga ameshauzwa, amevuka mpaka na ameshakula magunia ya chakula.

Virusi vya kurithi na virusi vya nje

Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, watafiti, akiwemo Robin Weiss wa Uingereza, waligundua jambo la ajabu zaidi. Kuku ambao hawakuwahi kuambukizwa walikuwa na jeni za kirusi cha leukosi, na waliwarithisha watoto wao kama wanavyorithisha rangi ya manyoya. Weiss alikwenda hadi Malaya kuchunguza kuku mwekundu wa porini, ambaye ndiye babu wa kuku wote wa kufugwa, akamkuta naye ana urithi huo.

Taarifa ya mwaka 1979 ilionyesha kuwa urithi huo upo kwa kuku mwekundu wa porini na kwa kuku wa kufugwa, lakini haukuonekana kwa jamii nyingine tatu za kuku wa porini wa Asia. Hiyo ni ishara kuwa kirusi kiliingia kwenye mbegu ya uzazi ya kuku mwekundu baada ya koo hizo kutengana. DNA nzima ya kuku huyo iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2004, mabaki ya retrovirusi za zamani yalionekana yametapakaa humo. Binadamu naye hayuko mbali, kwani takribani asilimia 8 ya DNA yake inatokana na retrovirusi za kale.

Virusi vya leukosi kwa kuku hupangwa kwa herufi. Kirusi cha kurithi ni aina E, na kwa kawaida hakileti uvimbe. Virusi vya nje ni aina A, B, C, D na J, na hivi ndivyo vyenye madhara. Hapa mfanyabiashara anapaswa kutofautisha maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Kurithi ni pale kirusi kinapokuwa sehemu ya DNA ya kuku. Kuambukizwa kupitia yai ni pale mtetea mwenye kirusi cha nje anapokipitisha kwenye ute wa yai na kumfikia kifaranga kabla hajaanguliwa. Kifaranga wa namna hiyo hukiona kirusi kama sehemu ya mwili wake. Hatengenezi kingamwili, huonekana mzima, na hukitoa maisha yake yote kwa wenzake na kwenye mayai.

Hasara yake si vifo tu. Uchunguzi uliochapishwa nchini Canada mwaka 1980 ulionyesha kuwa mitetea wanaotoa kirusi hutaga mayai 20 hadi 35 pungufu hadi umri wa siku 497, hata wasipokuwa na uvimbe. Kwa hesabu rahisi, mfugaji wa kuku 500 ambaye kuku wake 100 wana hali hiyo anapoteza mayai 2,000 hadi 3,500, yaani kati ya trei 67 na 117 za mayai 30, na chakula chao amekilipia.

Kirusi cha kurithi nacho kina gharama yake. Vituo vingi hutenganisha vifaranga majike na madume kwa kutazama manyoya ya bawa. Mbinu hiyo inategemea mama mwenye jeni ya manyoya yanayochelewa kuota, na jirani na jeni hiyo hukaa kipande cha kirusi cha kurithi kiitwacho ev21. Mama huwapa watoto wa kiume jeni hiyo, lakini kirusi chenyewe kinaweza kuwafikia watoto wa kike kupitia yai. Miili yao hukizoea, na wakikutana na kirusi cha nje kinachofanana nacho, kinga yao huwa dhaifu. Ukoo wa namna hii unahitaji kuku wazazi wasio na kirusi cha nje kabisa.

Aina J: kirusi kilichosafiri na biashara

Mwaka 1988 watafiti wa kituo cha Houghton nchini Uingereza walipata aina mpya kwa kuku wa nyama, ikapewa herufi J. Ilipochunguzwa, ilionekana kuwa jeni ya ganda lake inafanana mno na mabaki ya kirusi kingine cha kale kilichomo kwenye DNA ya kuku wenyewe. Kwa maneno mengine, kirusi cha nje kilichanganyika na urithi wa kuku na kutoa bidhaa mpya.

Katika miaka ya 1990 aina J iliwatia hasara wafugaji wa kuku wazazi wa nyama katika mabara kadhaa. Sababu ni muundo wa soko lenyewe. Kampuni chache duniani humiliki koo za asili, huuza mabibi na mababu, hao huzaa wazazi, na wazazi ndio hutoa vifaranga wa kibiashara. Kirusi kinachopita kwenye yai kikiingia juu ya ngazi hiyo hushuka na kila shehena. Kampuni hizo zilikiondoa kwa kupima kuku mmoja mmoja na kuwatoa wenye kirusi, kizazi baada ya kizazi. Nchini China aina J iliendelea kuenea kwa kuku wa mayai na wa kienyeji katika miaka ya 2000.

Kirusi cha aina J huingia kwenye seli kupitia mlango mmoja, protini iitwayo NHE1. Mwaka 2020 wanasayansi wa Jamhuri ya Czech walitangaza kuwa wameondoa kipande kimoja tu cha protini hiyo kwa kuhariri DNA ya kuku, na kuku hao hawakuambukizwa aina J. Hiyo ni hatua ya utafiti. Silaha iliyokwisha kuthibitika sokoni ni kupima na kuondoa.

Kipimo kinachoweza kupotosha

Kipimo kinachotumika sana ni ELISA ya kutafuta protini ya kirusi iitwayo p27, kwenye ute wa yai, kinyesi cha kwanza cha kifaranga au majimaji ya njia ya haja. Tatizo ni kuwa protini hiyo ipo kwa virusi vya nje na kwa kile cha kurithi. Kuku mwenye aina E peke yake anaweza kutoa jibu la "ndiyo" wakati hana ugonjwa.

Kwa hiyo jibu moja la p27 halitoshi kumtia hatiani muuzaji, kama ambavyo kifaranga mchangamfu hatoshi kumsafisha. Maabara zenye uwezo huotesha kirusi kwenye seli maalumu ambazo aina E haiwezi kuziingia, au hupima jeni ya aina husika. Mfanyabiashara ambaye shehena yake inabishaniwa ana haki ya kuuliza kipimo gani kilitumika na kama kilitofautisha aina E na nyingine.

Mareksi ni hesabu tofauti

Mareksi, ugonjwa ulioelezwa na József Marek wa Hungary mwaka 1907, huleta uvimbe unaofanana na wa leukosi, na mara nyingi hupoozesha miguu, mmoja ukielekea mbele na mwingine nyuma. Lakini kirusi chake ni cha kundi la herpesi na kimeumbwa kwa DNA. Nacho kina undugu na kuku: hujishona kwenye ncha za kromosomu zake, na kimebeba jeni ya kurefusha ncha hizo inayofanana na ya kuku kwa asilimia 88, ishara kuwa ilichukuliwa kwa kuku.

Tofauti muhimu kibiashara ni kuwa Mareksi haipiti kwenye yai. Huenea kwa vumbi la manyoya na ngozi, ambalo linaweza kubaki na kirusi hai kwa miezi. Chanjo ipo tangu miaka ya 1970, hutolewa kituoni siku ya kwanza au kabla yai halijaanguliwa. Huzuia uvimbe, lakini haizuii kuku kuambukizwa na kutoa kirusi.

Kadi ya njano ya dereva

Kwa madereva kuna swali la pembeni. Chanjo ya homa ya manjano iitwayo 17D, ambayo cheti chake huulizwa mipakani na tangu Julai 2016 ni cha maisha, hutengenezwa kwenye mayai ya kuku. Katika miaka ya 1960 iligundulika kuwa baadhi ya chanjo hiyo ilikuwa na kirusi cha leukosi. Uchunguzi wa wanajeshi wa zamani wa Marekani waliochanjwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, uliochapishwa mwaka 1972, haukuona ongezeko la vifo vya saratani. Watengenezaji walihamia kwenye mayai ya kuku wasio na kirusi cha nje. Chembe za aina E bado huweza kuonekana, kwa kuwa zimo kwenye DNA ya yai, lakini waliochanjwa walipopimwa hawakukutwa wameambukizwa. Leukosi ya ndege haijathibitishwa kusababisha ugonjwa kwa binadamu.

La kufanya kabla ya kulipa

Kwa mnunuzi wa vifaranga, karatasi yenye thamani zaidi ni ile inayohusu wazazi. Ni vyema kumuuliza mwenye kituo wazazi ni wa ukoo gani, walinunuliwa wapi, walipimwa leukosi lini na kwa kipimo kipi, na kama mayai ya mashamba mbalimbali huchanganywa kwenye mashine moja. Cheti cha chanjo ya Mareksi kioneshe tarehe na aina ya chanjo, na ijulikane kuwa cheti hicho hakisemi lolote juu ya leukosi.

Kwa msafirishaji, kifaranga anaweza kuishi hadi saa 72 kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni, lakini saa hizo ndizo za kuambukizana. Maboksi ya vituo tofauti yasichanganywe, na boksi la karatasi lisitumike mara ya pili. Kirusi cha leukosi hufa ndani ya saa chache nje ya mwili na hakivumilii sabuni wala joto. Cha Mareksi hubaki kwenye vumbi, hivyo gari lililobeba kuku wakubwa lioshwe na kunyunyiziwa dawa kabla ya kupakia vifaranga.

Mkataba nao uandikwe kwa kufuata muda wa ugonjwa. Dhamana ya siku saba inayotolewa na wauzaji wengi hufaa kwa vifo vya safari, lakini haigusi ugonjwa unaoonekana katika wiki ya 14 au ya 20. Pande zote mbili zikikubaliana mapema kuwa kuku watakaokufa watapasuliwa na daktari wa mifugo, sampuli zipelekwe maabara, na kipimo kitenganishe Mareksi, leukosi ya nje na aina E, itajulikana nani anabeba hasara. Bila makubaliano hayo, hubebwa na yule aliyekuwa wa mwisho kulipa, ambaye mara nyingi ni mfugaji, na mfanyabiashara humpoteza mteja.